Mikono ya Baba

Kila Februari sinema ya mtaani kwetu hapa Los Angeles huonyesha ile filamu yetu ya mapenzi ya wakati wa vita. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ilipotengenezwa hujazana kuisema pamoja na waigizaji, neno kwa neno. Wapenzi wakiagana, wanalia. Nikitokea mimi, wananizomea, na ni haki yao. Mimi ndiye ofisa wa Kinazi, dakika mbili tu, mkorofi kwelikweli. Sisi Wayahudi tuliokimbia Vienna, kwa ile lafudhi yetu, Hollywood ilituona tunafaa kazi moja: kuwaigiza waliotufukuza.

Dada yangu Malvine alikataa kuitazama kwa miaka thelathini. Jumapili moja, tukila keki ya tufaha kwake, nikaona nimenyamaza vya kutosha.

"Unakumbuka Baba alivyokuwa akivua glavu?"

"Kidole kimoja kimoja. Fundi wa glavu angevuaje?"

"Basi humo kwenye filamu nami navua vilevile."

Akaweka uma chini. Hatuna hata picha moja ya Baba. Wanazi walipomchukua yeye, walichukua na nyumba na vyote vilivyokuwamo.

"Yaani yule mshenzi ukampa mikono ya Baba?"

"Mwongozaji aliniambia mikono yangu ifanye kitu. Sikujua kingine."

"Wewe Egon, akili zako mbovu tangu utotoni."

Nilijua nimeharibu. Lakini Alhamisi akanipigia simu nimpeleke sinema akaitazame.  Njiani niliogopa ataona magwanda tu, kisha nimkose na yeye, na ndiye ndugu pekee niliyebaki naye.

Tuliketi mbele. Nilipotokea, ukumbi mzima ukaanza kuzomea na kupiga miguu chini. Malvine akainua kiganja mbele ya macho yake, akaziba kofia yangu, uso wangu na zile nishani, akabakiza meza tu na mikono iliyo juu yake. Mikono ikaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja, bila haraka.

"Nyamazeni kidogo, wanangu," alisema kwa sauti, bila kugeuka. "Namtazama baba yangu."

Wakanyamaza wote. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini nikazisikia glavu zikitua mezani, kisha nikamsikia dada yangu akilia.