Gemu la Hatibu Lililokosa Nusu ya Daraja

Jumapili mchana, tumbo limejaa wali wa nazi na roho imejaa hasira, Shemsa Kilindo alilala akaota. Wali tuuache. Hasira ndiyo yenye habari.

Shemsa ni fundi cherehani wa Tanga mjini, na ni mchezaji wa magemu. Si yale ya makampuni makubwa ya ng'ambo. Yeye anapenda magemu madogo, ambayo mtu mmoja anayatengeneza chumbani kwake bila bosi wala mfadhili. Akilimaliza gemu hurekodi maoni yake akayaweka mtandaoni, na hamung'unyi maneno. Husema magemu hayo yana roho, maana aliyeyachora hakuomba ruhusa kwa mtu. Halafu husema kwamba mengi yanatelekezwa njiani, na mchezaji anabaki kama mgeni aliyekaribishwa chakula, mwenye nyumba akatorokea mlango wa nyuma.

Hatibu, aliyesoma naye sekondari, alitengeneza gemu moja la namna hiyo. Ndani yake bibi mmoja muuza vitumbua, Bi Siwema, anamtafuta mwanawe ng'ambo ya mto. Shemsa alizisifu picha zake, akalisifu na zumari linalopigwa humo mpaka wasikilizaji wakadhani kalipwa. Kisha akasema na mengine: kuta zinapitika, vitu havizami majini, na gemu zima linaisha kabla chai haijapoa, kwa sababu daraja la mwisho lina nusu tu.

Mchana ule Hatibu alipiga simu kutoka Dar es Salaam.

"Dada, leo jioni naliondoa gemu mtandaoni."

"Si ulisema utalimalizia daraja?"

"Nilisema. Sasa nimepata kazi kampuni ya kubeti. Nachora magurudumu ya bahati."

"Na Bi Siwema?"

"Shemsa, yule ni vitone vya rangi."

Shemsa akakata simu, akajitupa kitandani. Usingizi ukamchukua hajamaliza kutukana.

Anasimama ukingoni mwa mto. Miguu yake imekuwa ya vitone vya mraba, na hilo halimshangazi. Linalomkera ni kwamba vidole gumba vyote viwili vimechorwa upande wa kushoto.

Mbele yake kuna ukuta.

"Pita tu," ukuta unasema. "Nilitakiwa nizuie watu, lakini mimi ni kasoro. Wewe mwenyewe ulinitangaza."

"Nilisema kweli."

"Sikatai. Ila kweli yako ilisikika mpaka kwa kuta za jirani."

Shemsa anapita katikati ya ukuta. Ndani kunanuka chokaa mbichi. Anatokea darajani, na hapo pana kigoda, na juu ya kigoda kikombe cha chai kinafuka mvuke. Bi Siwema amesimama kando yake, sinia la vitumbua kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Karibu, msafiri. Vitumbua vya moto."

"Nimekuamkia, bibi."

"Karibu, msafiri. Vitumbua vya moto." Bibi anaangalia huku na huku, anashusha sauti. "Marahaba, mwanangu. Hatibu aliniandikia sentensi hiyo tu. Hizi nyingine najitungia, usinichongee."

"Chai hii ya nani?"

"Yako. Ulisema tunaisha kabla haijapoa, na neno lako limekuwa sheria. Nenda kaniombee nusu ya daraja, chai ingali moto, nimfuate mwanangu."

Shemsa anarudi ukutani. Safari hii upande wa pili ni ofisi, ghorofani, Dar es Salaam. Kiyoyozi kinapiga chafya na kujiombea afya chenyewe. Hatibu yuko kitini, na mkono wake wa kulia unachora gurudumu kubwa la rangi. Yeye anautazama mkono huo kama anayemtazama fundi wa kukodi.

"Hatibu, nipe nusu ya daraja."

"Mbao zimekwisha. Zote zimeingia kwenye gurudumu."

"Chomoa moja."

"Nikichomoa litasimama. Likisimama, watu wataamka."

Gurudumu linamgeukia Shemsa. "Mimi sina kasoro, dada," linasema kwa adabu. "Kuta zangu hazipitiki. Na wala sina mwisho."

"Huna mtu ndani."

"Wamo," gurudumu linajibu. "Hawatoki tu."

Shemsa analipa gurudumu kisogo. Anamgeukia rafiki yake. "Basi niambie jina la mtoto wa Bi Siwema, nimpelekee hilo."

Mkono unaendelea kuchora. Hatibu anafikiri mpaka jasho linamtoka chini ya kiyoyozi.

"Sikumpa jina," anasema mwishowe. "Wala sikumchora. Nilijua nitamchora mwishoni."

Shemsa anatoka kwa kupita katikati ya mlango, ambao unalalamika kwamba wenyewe ulikuwa wazi.

Darajani, mvuke wa chai umebaki uzi mmoja. Zumari linarudia kipande kilekile, kwa pumzi ya mtu aliyechoka.

"Mbao hakuna, bibi."

"Na mwanangu?"

Shemsa anaitazama chai. Anamtazama bibi. Yeye asiyemung'unya maneno anayamung'unya.

"Yupo," anasema. "Yuko ng'ambo anakungoja. Anaitwa Mbaruku."

Hajawahi kulisifu gemu kwa uongo. Bi Siwema analirudia jina hilo taratibu, kama anayeonja chumvi.

"Mto huu vitu havizami, bibi," Shemsa anasema. "Nililaumu na hilo."

Anavua kandambili ya mguu wa kulia, anaiweka juu ya maji pale daraja linapokatika. Inatulia kama imewekwa sakafuni. Bi Siwema anaikanyaga kwa mguu mmoja, anaruka, anatua ng'ambo. Huko hakuna nyasi wala anga. Ni weupe mtupu.

"Kuko vipi huko?"

"Hakujachorwa, mwanangu."

"Rudi basi, bibi! Rudi!"

"Kurudi sikuandikiwa," Bi Siwema anasema, na anaingia kwenye weupe na sinia lake, akiita, "Mbaruku! Mbaruku wee!"

Hakuna anayeitika. Chai ikapoa.

Shemsa aliamka kwa adhana ya alasiri, mashavu yamelowa. Akapapasa chini kwa miguu. Kandambili ilikuwa moja. Akainama uvunguni, akatazama nyuma ya mlango, akatoka uani.

"Mama, hujaona kandambili yangu?"

"Ya mguu gani?"

"Wa kulia."

"Nani ataiba ya mguu mmoja, mwanangu?"

Akafungua simu. Gemu la Hatibu lilikwisha kuondolewa, hata jina halipo. Lakini kwenye kompyuta yake nakala ilikuwa imebaki. Akaiwasha. Zumari likalia, ukuta ukapitika, daraja likaja. Bibi hakuwapo.

Pale daraja linapokatika, juu ya maji, palikuwa na kandambili ya kijani ya vitone vya mraba. Mkanda wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa waridi, uzi ambao Shemsa aliutia Ijumaa kwa sindano yake mwenyewe, na Hatibu hajawahi kuuona.

Akavuta kiti, akakaa kuitazama. Alitaka izame, apate kulala tena.

Haikuzama.