Tundu la Ishirini na Nne

Shemeji wa fundi wa mtandao aliziweka funguo juu ya meza ya mkurugenzi, akazisogeza kwa kidole.

"Shemeji, mimi sijagusa kitu," alimwambia fundi.

Fundi akatazama pembeni. Angesema nini kingine, alijiuliza, mtu aliyekamatwa?

Ni fundi mwenyewe aliyemwombea kazi hapa hospitalini, kwa ajili ya mdogo wake aliyeolewa naye. Lakini siku hizi kila alichofanya shemeji kilimtia shaka. Kwa nini ale chakula cha mchana peke yake kwenye chumba cha mitambo? Wiki iliyopita picha za kamera za ulinzi zilimwagika kwenye kila kompyuta mpaka mtandao ukabanwa pumzi, na shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua tatizo liko wapi. Badala ya kumshukuru, fundi alijiuliza amejuaje.

Basi Jumatatu aliingia kwenye swichi, lile sanduku linalokutanisha nyaya zote. Akapanga picha ziende kwa anayeziomba tu. Kisha, kimya kimya, akaongeza ulinzi: tundu lolote lisiruhusiwe kuzigawia kompyuta anwani za mtandao, asije shemeji akachomeka kifaa chake na kugawa za uongo. Kompyuta isiyo na anwani ni bubu.

Leo asubuhi kompyuta zikaanza kukatika, mapokezi kwanza, kisha maabara, kisha duka la dawa. Wagonjwa wakajaa kwenye korido. Fundi hakukagua chochote. Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi akamtaja shemeji kuwa ndiye mharibifu.

Sasa alirudi kwenye chumba cha mitambo kutafuta ushahidi. Akafungua orodha ya matundu. La kwanza, haliaminiki, yaani haliruhusiwi kugawa anwani. La pili, haliaminiki. Akashuka nayo mpaka la ishirini na nne, tundu la seva, mashine pekee yenye haki ya kugawa anwani.

Haliaminiki.

Alikuwa amesahau kuliruhusu. Anwani za zamani zilipokwisha muda wake leo, seva iligawa mpya na swichi ikazitupa zote, kama alivyoiagiza. Aliona aibu hata mbele ya zile taa ndogo za kijani.

Aliandika amri ya mstari mmoja. Dakika chache baadaye mapokezi wakapiga simu kusema kompyuta zimerudi, na mkurugenzi akaingia akitabasamu.

"Umeona? Hajafika hata getini, mambo yametulia."

Angeweza kunyamaza. Katika hospitali nzima, mtu mwingine pekee aliyejua kusoma kioo kile cha kompyuta ndiye huyo aliyekuwa akifukuzwa. Alimfikiria mdogo wake, na jinsi atakavyompigia simu jioni kumwomba msaada.

"Sogea hapa, mkurugenzi," alisema. Akaweka kidole chini ya mstari wa Jumatatu, penye saa na jina la aliyebadilisha mipangilio. "Soma."

Mkurugenzi akatafuta miwani yake mfukoni. Nje ya dirisha, mlinzi alikuwa bado akipekua mkoba wa shemeji, akitoa kitu kimoja kimoja na kukiweka chini.