Wimbo wa Hori Tupu

Wimbo uliompa Hibo jina aliurekodi uani kwao, Bula Iftin, mjini Garissa, baada ya kumaliza kuanika nguo. Alikuwa ameketi juu ya dumu la maji. Abdub alipiga udi wenye uzi mmoja uliokatika, na Mamo akapiga ngoma, yaani dumu jingine, la mafuta ya kupikia. Simu iliegemezwa kwenye tofali. Hiyo ndiyo iliyokuwa bendi, kwa jina Hori, na hiyo ndiyo iliyokuwa studio.

Wanasema mcheza kwao hutunzwa, lakini methali hiyo ilikuwa haijafika Garissa. Wenye arusi waliagiza waimbaji kutoka Eastleigh, waje na kinanda na miwani ya jua. Hori walibaki kuweka nyimbo zao za mapenzi TikTok, zikasikilizwa na binamu zao, na mtu mmoja wa Mandera aliyeuliza kama lile dumu linauzwa.

Siku hiyo, kwa kuchoka na mapenzi, Hibo aliimba wimbo wa kisimani, ule ambao baba yake aliwaitia ngamia waje kunywa horini. Baba mwenyewe, Mzee Noordin, alikuwa kivulini akivuta tasbihi. Tangu ukame ulipomaliza ngamia wake na kumleta mjini, hakuwa msemaji. Siku hiyo alisema.

"Hibo, wimbo hiyo haiimbwi hori ikiwa tupu. Ngamia akiitwa anakuja. Akikuja, lazima akunywe."

"Aabo, ngamia wako wapi hapa? Hii ni simu tu."

Mzee akaitazama ile simu, akarudia tasbihi yake.

Waliuweka wimbo hewani kabla ya adhuhuri. Kufikia magharibi ulikuwa umefika Tarbaj na Takaba, ukavuka hadi Minneapolis. Watu wasiowahi kumlipa mwanamuziki hata chai waliiweka simu kando ya birika wakausikiliza, wakalia, wakawatumia ndugu zao, nao ndugu wakalia na kubonyeza pale pa kufuata. Mamo aliona idadi ya wafuasi ikipanda akadhani simu imeharibika.

Asubuhi ngamia jike alikuwa amesimama langoni. Alikuwa amekufa, hilo lilionekana wazi, kwa sababu jua lilipita katikati ya mbavu zake na kutua ukutani. Shingoni alikuwa na chapa ya Mzee Noordin.

"Barwaqo," Mzee alimwita kwa jina, kisha akaenda kutafuta ndoo.

Barwaqo aliyanusa maji ya mfereji, akageuza kichwa upande wa kaskazini, akaendelea kusimama.

Kufikia Ijumaa ua ulijaa. Kila aliyeifuata bendi, ngamia wake marehemu alikuja. Wenyewe waliwatambua kwenye video. "Huyo wa nyuma ya kamba ya nguo ni wangu," aliandika mama mmoja wa Tarbaj. "Mwambieni Shamso namsalimia, na mguu wake uko aje?" Hibo alienda akautazama mguu, akamjibu kwamba umepona.

Askari wa manispaa alikuja kuuliza kibali cha kufuga mifugo mjini. Alipoona ni wafu alisema sheria inataja mifugo hai, akaomba apigwe picha pamoja na Hibo kwa sababu mke wake ni shabiki. Arbia, mama yake Hibo, ndiye pekee aliyenung'unika. Baadaye aligundua kwamba hawali nguo wala hawachafui ua, akasema kuna wageni wabaya zaidi.

Lakini hawakunywa. Waliletewa maji ya mfereji, ya mto Tana, hata ya chupa, na wote waligeuza vichwa kaskazini. Ndipo Mzee Noordin akasimulia, chai ikiwa mkononi.

Miaka michache nyuma, upande wa Tarbaj, mheshimiwa mmoja alifungua kisima cha mashine. Alimwomba Mzee awaimbie wageni, naye akaimba, na ngamia wakaja, wake na wa watu wengine, wakayaacha maji ya mbali waliyokuwa wakiyategemea. Maji yalitoka mpaka hotuba zikaisha. Kumbe yalitoka kwenye boza, lori la maji lililofichwa nyuma ya nyumba ya mashine. Boza likaondoka. Ngamia wakakataa kuondoka, kwa kuwa walikuwa wameitwa, na ukame ukawakuta palepale.

"Hiyo maji ya chini ndio wanataka," Mzee alisema. "Ile nilikuwa nimewaitia. Mimi nimefanya ngamia yangu mjinga. Nikikufa kabla Barwaqo hajakunywa, nitamwambia nini?"

Roho ilimuuma Hibo, akaenda kumkuna Barwaqo shingo, pale mifupa ilipokuwa na joto la jua.

Haikupita wiki, simu ikalia. Mheshimiwa alikuwa anakifungua kile kisima upya, na bendi yenye wafuasi wengi namna hiyo ingempendeza. Hibo alisema atakuja kwa sharti moja: maji yawe ya kisima na yabaki.

"Maji iko, abaayo," alisema mtu wa ofisi yake, akimwita dada. "Wewe kuja tu."

Walisafiri kwa gari. Ngamia walitembea polepole nyuma yao, wakafika kabla yao. Mashabiki walikuwa wamejaa, wengine wametoka Takaba, na kila mmoja alipita kati ya mifupa akitafuta chapa yake, na alipoipata aliketi chini yake kama zamani. Abdub alifungua simu akaanza kurusha moja kwa moja. Jiwe jipya la ufunguzi lilikuwa limebandikwa juu ya lile la kale. Maji yalikuwa yakimwagika ndani ya hori.

Mzee Noordin aliweka kiganja kwenye bomba, kisha akazunguka nyuma ya nyumba ya mashine. Alirudi taratibu.

"Ni boza," alimwambia binti yake.

Hibo akaweka kipaza sauti chini. "Mheshimiwa, siimbi."

Mheshimiwa hakukasirika. Alimpungia mkono fundi wa spika, naye fundi alikuwa na wimbo kwenye simu yake, kama watu wote. Sauti ya Hibo ikatoka kwenye spika, nzuri kuliko ilivyokuwa uani, na ngamia wakasimama wakaja, maana wimbo ni wimbo. Waliinama wote kwenye hori. Wakayanusa maji. Hakuna aliyekunywa.

Barwaqo aliinua kichwa akamtazama Mzee kwa muda mrefu.

"Sikuimba mimi," Mzee alimwambia, huku machozi yakimtoka. "Wallahi, mara hii si mimi."

Mbuzi hai wa kijijini walikunywa kidogo, picha zikapigwa, bomba likakauka. Boza liliondoka likiwa mbele ya msafara. Mashabiki waliokuwa wakitazama simuni walituma mioyo myekundu, kwa sababu hicho ndicho simu inachokupa utume.

Leo Hori ni bendi kubwa. Wenye arusi wa Garissa huwaalika mradi ngamia wabaki nje. Udi una nyuzi zote, na Mamo amenunua ngoma halisi, ingawa analisifu lile dumu zaidi. Mvua imekosa tena kunyesha, na wafuasi wanaongezeka kila siku. Waandishi wamekuja kuuliza siri, na Abdub amewaambia ni kurekodi mchana, kwenye mwanga mzuri.

Jana Hibo alikuwa akianua nguo ujumbe ulipoingia kutoka Takaba. "Abaayo, mimi Daud, nimeanza kuwafuata leo. Wangu amekufa asubuhi. Ni mweupe, sikio moja limekatika. Amefika?"

Hibo alitazama langoni. Mzee Noordin alikuwa ameshachukua ndoo.

"Amefika," akaandika.