Bwana wa Koridoni

Mdogo wangu Twyla ni mwoga tangu utotoni, lakini wiki ile alipitiliza. Mtu akigonga mlango, anajificha jikoni. Gari likipunguza mwendo hapo nje, anazima taa. Nikamwambia, "Wewe, gari walishalichukua. Sasa unaficha nini, viatu?"

Na hilo ndilo lililomchanganya. Wakopeshaji walikuja alfajiri wakalivuta gari lake la mkopo huku yeye amesimama barazani na gauni la kulalia, akajipa moyo kwamba angalau yamekwisha. Hapa mjini kwetu Saginaw wengi hudhani hivyo: wamechukua gari, tumemalizana. Kumbe hulipiga mnada kwa bei ya kutupa, kisha hukushitaki kwa deni linalobaki. Twyla alikuwa anadaiwa gari ambalo hata tairi lake hakuwa nalo.

Hofu yake haikuwa ya bure. Wakishinda kesi, mshahara wake wa kufua mashuka katika nyumba ya wazee ungekatwa kabla haujamfikia. Mshahara huo ndio uliolipia kodi ya kiwanja ilipoegeshwa nyumba ya bati yenye magurudumu anamoishi na Mama, pamoja na mashine ya Mama ya kupumulia. Mwenye kiwanja hana masihara. Majirani zao aliwatoa nje theluji ikidondoka.

Siku ya kesi nilimshusha mlangoni pa mahakama, nikaenda kutafuta pa kuegesha pikapu. Niliporudi nilimkuta kwenye benchi la koridoni anatabasamu.

"Yamekwisha, Dada," akasema. "Yule bwana wa mahakama kaniita jina kwenye orodha yake, kaniambia hamna haja ya kumsumbua hakimu. Nimesaini. Nitalipa kidogo kidogo. Mpole huyo, we acha tu. Kanipa na peremende."

"Umesoma ulichosaini?"

"Kasema ni kawaida tu. Kila mtu anasaini."

Pembeni yake alikaa mzee mmoja, Kowalczyk, kofia magotini. "Mimi pia kaniita," akasema. "Nikamwambia nimekuja kumwona hakimu, sikuja kumwona yeye."

"Mbishi huyu," Twyla akaninong'oneza. Alitaka turudi nyumbani. Nikamvuta ndani, maana mimi simwamini mtu mzima anayegawa peremende mahakamani.

Tukaketi nyuma. Akaingia bwana mmoja, Twyla akanionyesha kuwa ndiye yule mpole; akapita mbele, akaweka mkoba wake kwenye meza ya wakopeshaji na kuketi. Twyla akanishika mkono.

"Dada, mbona kakaa kule?"

"Ndiko kwao. Huyo ni wakili wao."

Twyla akaitazama peremende aliyokuwa bado ameishika.

Aliyeitwa kwanza ni mzee Kowalczyk. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, akamgeukia wakili. "Kabla ya kuuza gari la huyu bwana, mlimpelekea barua ya kumjulisha, kama sheria inavyotaka?" Wakili akapekua mkoba, akapekua tena, akaomba siku nyingine. Hakimu akakataa, akayatupilia mbali madai yao. Mzee akavaa kofia yake akaenda zake.

"Hata mimi hawakuniletea barua," Twyla akasema. "Wallahi, Dada, sikupata."

"Basi kaseme hivyo hivyo. Mwambie hukuletewa barua, na ulidhani huyu ni mtu wa mahakama. Maneno mawili tu, mdogo wangu. Hakimu hang'ati."

Akaitwa. Alitembea kama anayekwenda kung'olewa jino. Hakimu akainua ile karatasi ya koridoni, akamtazama juu ya miwani.

"Bi Hutchins, hii umeisaini mwenyewe, kwa hiari yako? Umeelewa kilichoandikwa humu?"

Mlango wa kujitetea ulikuwa wazi kabisa. Hata mimi wa nyuma niliuona. Twyla akafungua mdomo. Wakili akageuza kiti, akamtazama, wala hakuwa amekasirika. Alimtazama tu, akingoja. Nikashindwa kuvumilia, nikasimama. Askari akaninyooshea kidole, nami na mdomo wangu wote nikakaa.

"Bi Hutchins?" hakimu akauliza tena, taratibu. "Kama kuna jambo, sema sasa."

"Hapana, mheshimiwa," Twyla akasema. "Nimeelewa. Asante."

Hakimu akangoja kidogo, kisha akaigonga muhuri karatasi ile, deni likawa lake lote. Twyla akarudi benchini, akaketi, akaniegemea kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo, radi ikipiga.

"Alikuwa ananiangalia, Dada," akasema.

"Nimeona."

"Mama tutamwambia nini?"

Karani akaita jina la mtu mwingine, ikabidi tuinuke tumpishe.