Mlango wa Sakafuni

Jumanne saa nne asubuhi Mama Sindano, fundi wa mavazi katika ukumbi wa maigizo, alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, akikunja pindo la gauni la binti mfalme. Ndani ya gauni alisimama bintiye wa kumzaa, aliyepewa nafasi hiyo wiki iliyopita.

Kikohozi akaingia, akasalimu, akaomba joho lake. Ndiye aliyeigiza mzimu wa mfalme, naye alizikwa mwezi uliopita, baada ya mlango wa sakafuni pale jukwaani kung'oka bawaba na kumwangusha kwenye saruji. Fundi alimpa joho. Alikuwa ameshalipunguza, maana marehemu alikuwa amekonda.

Mazoezini Kikohozi alianza maneno ya mzimu kama yalivyoandikwa, kisha akamnyooshea kidole mwongozaji.

"Bawaba zilikuwa zimeliwa na kutu. Nilikwambia mara tatu. Ukasema nikanyage tu."

Waigizaji wakapiga makofi.

"Safi sana," mwongozaji akasema. "Kazi ya mzimu ndiyo hiyo, kumtaja muuaji. Ila hizo bawaba ziondoe, zinapoza mchezo."

Fundi akatemea pini kiganjani. "Bosi, anayetajwa ni wewe. Na mwanangu ndiye anayeshukia mlango huohuo mchezoni, akienda kaburini. Mwite seremala leo."

"Mama Sindano, wewe shona. Jukwaa tuachie wenyewe."

"Leo, bosi."

"Tukimaliza maonyesho."

Nyuma ya pazia fundi alimshika bintiye mkono. "Vua gauni twende nyumbani."

"Mama, unanitia aibu! Miaka miwili napanga viti, leo nimepata nafasi, niiache kwa kelele za marehemu?"

"Marehemu adanganye apate nini?"

"Huyo alikuwa mgomvi tangu yuko hai."

Mama akachoka kubishana. Alijifungia na gauni siku tatu, akalijaza pamba mgongoni na kwenye nyonga, unene wa vidole vinne. Binti akalalamika kwamba linamnenepesha.

Jumamosi, ukumbi ukiwa umejaa, binti mfalme alisema maneno yake ya mwisho, akakanyaga, mlango ukang'oka. Pamba haikusaidia kitu. Watazamaji walisimama, wakashangilia hadi mikono ikawauma.

Jumanne iliyofuata binti alifika mazoezini mapema kuliko wote, akasimama kando ya Kikohozi.

"Sasa tuna mizimu miwili," mwongozaji akasema, akaagiza joho la pili. Mlango ulirudishwa palepale kwa bawaba zilezile, na seremala hakuitwa.

Mchana akaletwa msichana mpya kupimwa gauni. Mama Sindano alimzungushia futi kiunoni.

"Mwanangu, nakuomba kama mzazi wako. Pale sakafuni usikanyage."

Msichana akamgeukia binti wa fundi, aliyekuwa amesimama ameshika kopo la pini.

"Dada, ati kweli?"

"Kweli. Mimi nilikanyaga."

Msichana aliwatazama mama na mwana, kutoka juu mpaka chini.

"Mna wivu nyie," akasema, akainua mikono apimwe kifua.