Idhini ya Beatus

Siku ya ishirini na tatu tangu tumzike Beatus, kompyuta ya ofisini ilikuwa bado inaniambia kwamba inamsubiri. Kila asubuhi nikiwasha, maneno ni yale yale: maombi thelathini na nane yanasubiri idhini ya Beatus. Kesho yake arobaini na moja. Nilikuwa nayasoma kama mtu anayesoma tangazo la dawa ya kunguni kwenye nguzo ya umeme. Kisha nakunywa chai yangu, basi.

Kampuni yetu inatunza na kukoboa mpunga wa wakulima. Tuna maghala Mlimba, Malinyi na hapa Ifakara, penye ofisi kuu. Zamani kila ghala lilikuwa na programu yake na orodha yake ya wakulima, vurugu tupu. Akaja mtaalamu, Nassib, akaivunja sistimu yote vipande vipande: huduma ya mizani, huduma ya ghala, huduma ya ujumbe, huduma ya wakulima. Ghala likitaka kumjua mkulima, linaiuliza huduma ya wakulima, halijiandikii orodha yake. Na kila huduma ina mwenyewe, mtu mmoja, ambaye bila idhini yake hakiguswi kitu.

Kanuni hizo niliziandika mimi, Valeria, katibu wa kamati ya huduma. Nassib alitaka kila mwenye huduma awe na naibu. Nikaufuta ule mstari. Nawajua watu wa ofisi yangu. Ukiwawekea naibu, wiki ya pili wanagombea kiti. Mwenye huduma ya wakulima alikuwa Beatus, mume wangu.

Alikufa kwa pikipiki, barabara ya Idete, mchana kweupe. Sikulia. Watu walisema nina moyo mgumu. Moyo gani? Nilikuwa sisikii kitu, kama mguu uliokufa ganzi. Simu yake nilitembea nayo mkobani na kuichaji kila siku, na usiniulize kwa nini. Wiki ya pili nikarudi kazini. Kila mtu akawa ananiuliza, “Dada Vale, uko sawa?” Nami najibu, “Niko sawa.”

Asubuhi ya siku hiyo ya ishirini na tatu nikamkuta mzee mmoja ameketi kwenye benchi karibu na mizani, kofia mapajani.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Pole sana na msiba.”

Nikashukuru, nikapita. Ndani nikamuuliza Aurelia, karani wetu, yule ni nani.

“Mzee Masanja, wa Malinyi. Ana siku ya nne pale.”

“Siku ya nne! Anasubiri nini?”

“Simu yake ilizama mtoni. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mwanaye aliyehamia Mbeya, ikashindikana kuirudisha. Kanunua simu na laini mpya. Sasa namba ya siri ya kutolea mpunga inakwenda kwenye simu iliyozama, na kubadilisha namba ya mkulima ni mpaka aidhinishe…”

“Mbona hamkuniambia?”

“Tungekuambiaje, dada? Mkurugenzi alisema vitu vya marehemu havigawanywi kabla ya arobaini. Alisema ukiwa tayari utaleta hoja mwenyewe.”

Jamani! Kwa kanuni zangu, hoja ya kubadilisha mwenye huduma huletwa na katibu. Ofisi nzima ilikuwa inanisubiri mimi, kwa adabu, kimya kimya. Kiti cha ofisini wamekifanya kama shati la marehemu.

Nikarudi kwenye benchi.

“Baba, mpunga huo ni wa nini?”

“Mbegu, mwanangu. Gunia sita. Mto umeanza kupanda. Wiki hii nisipoimwaga shambani, maji yatachukua shamba, na mwaka huu hatutavuna. Lakini niliambiwa mna msiba, nikasema ngoja nikae.”

Nikaona hasira inanipanda mpaka masikioni. Kilikuwa kitu cha kwanza kukisikia tangu makaburini.

Mkurugenzi wetu, Bwana Agapiti, akanivuta pembeni. “Nywila yake si unaijua? Ingia kwa jina lake, mpitishie mzee wa watu, yaishe.”

Naijua, ndiyo. Nikakaa, nikaiandika. Kioo kikasema: Karibu, Beatus.

Nisiseme uongo, nilitaka. Nilitaka sana. Ningeweza kumfanyisha kazi miaka mitano. Kila asubuhi angeidhinisha, na mimi ningeendelea kuwa mke wa mtu aliye kazini. Lakini Beatus huyo huyo aliwahi kuninunia siku mbili kwa sababu nilimwomba apitishe namba ya shangazi yangu bila kitambulisho. Leo nimtilie saini ya uongo, naye hana hata nafasi ya kuninunia? Nikatoka kwenye jina lake.

Nikafungua fomu ya kubadilisha mwenye huduma. Sababu ya kuondoka: amehamishwa, amestaafu, ameacha kazi. Chagua moja. Loo, Valeria, mwandika kanuni! Hukufikiri kwamba watu hufa? Fomu ni yangu, idhini ni yangu. Nikaongeza sababu ya nne, herufi moja moja: amefariki. Nikaichagua. Nikaurudisha na ule mstari wa naibu.

Kamati ikasaini imesimama. Aurelia akawa mwenye huduma, na idhini yake ya kwanza ikawa ya Mzee Masanja. Simu ya mzee ikalia. Akanisomea namba kwa sauti, tarakimu moja moja, mimi nikapiga simu Malinyi wamtolee magunia yake. Akavaa kofia, akashukuru, akatoka haraka kuwahi gari.

Mkoba wangu ukatetemeka.

Nikaitoa simu ya Beatus. Huduma ya ujumbe ilikuwa imefanya kazi yake. “Ndugu Beatus, huduma ya wakulima imekabidhiwa kwa Aurelia. Asante kwa utumishi wako. Hutakiwi kufanya jambo lolote tena.”

Maneno hayo niliyatunga mwenyewe miaka miwili iliyopita, meza hii hii, yeye akiwa kando yangu anakula karanga. Nikayasoma mara ya pili, kisha mara ya tatu.

“Dada Vale,” Aurelia akaniita, “uko sawa?”

“Hapana,” nikamwambia. “Siko sawa.”