Kigoda cha Hamoud

Hamoud bin Ghanim hakutaka useremala, na hakulificha hilo. Shule yao ya sekondari huko Kisauni ilikuwa imeanza kufundisha ufundi, maana uhuru ulikuwa mlangoni na ilisemekana nchi itahitaji mafundi. Watoto wa wenye maduka waliishika randa kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota panya mfu. "Sikuja shule kupasua mbao," Hamoud alikuwa akisema, na wenzake wakacheka, kwani ndivyo walivyoona wote. Yeye alitaka darasa la vitabu, aje avae tai, awe wakili.

Basi Mwalimu Mwidani akawaambia kila mmoja atengeneze kigoda nyumbani. Vitatazamwa kabla ya kugawanya madarasa, wenye mkono waende ufundi na wengine vitabu. Hamoud hata kupima ubao hakupima. Alikwenda kwa Mwarandu, seremala wa njia ya Frere Town, akampa pesa zake za Idi, akakichukua kigoda kimekwisha. Mvivu gani huyu, hata kuomba kiharibiwe kidogo hakukumbuka.

Kilikuwa kigoda cha mvule, miguu imeingia kwenye ubao bila msumari hata mmoja. Mwalimu alikigeuza juu chini, akakikalia, akawaonyesha darasa zima. Majina yaliposomwa, la Hamoud lilikuwa la kwanza: darasa la ufundi.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Hamoud zilikuwa zimenyolewa. Hata hivyo hakuhangaika sana. Ukoo wao ni wa biashara tangu mababu, na baba akisikia mwanawe anafanywa seremala, atamtoa mwenyewe.

Baada ya alasiri mwalimu akafika dukani kwao na kile kigoda, kumpa baba habari. Mzee Ghanim alikipokea, akaipapasa miguu mmoja mmoja. Kisha akaita, "Hamoud."

"Labeka, Baba."

"Hiki umekifanya wewe?"

Hamoud akainamisha kichwa, na mzee akadhani ni haya.

"Mimi nilipokuwa kama huyu," akamwambia mwalimu, "nilikuwa nikitoroka chuoni nikawatazame wachonga milango. Babangu alinichapa mpaka nikaacha. Akasema sisi si watu wa randa. Nimekaa nyuma ya meza hii tangu siku hizo, na leo, wallahi, nimefurahi."

Machozi yakimlenga, akakiweka kigoda mbele ya duka, mahali pa wageni, akamwita jirani aje aone kazi ya mwanawe.

Hamoud hakuwahi kumwona babake hivyo. Angeweza kuendelea kunyamaza, lakini jirani alikwisha kumwagiza na yeye chake, na baba alikwisha kukubali. "Si mimi, Baba," akasema. "Ni Mwarandu. Nilimlipa."

Jirani akakumbuka ana shughuli nyumbani. Mzee Ghanim hakumpiga wala hakumfokea, na heri angemfokea. Alikiinua kigoda, akakifuta vumbi kwa kanzu yake, akamrudishia mwalimu.

"Mtoe huko, Mwalimu," akasema. "Mtie darasa la vitabu. Nafasi yake mpe mwenye mkono."

Ndilo alilolitaka Hamoud tangu mwanzo, na amelipata. Alisimama pale na aibu yake, akingoja babake amtazame, na mzee alikuwa amekwisha kumgeukia mteja wa sukari.